Mwanangu, Hebu Nieleze

Saa moja na nusu usiku simu inalia. Ni kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la tano. Mwalimu ametuma picha tatu za ubao, moja imekatika upande, na chini yake ameandika: "Kazi ya leo. Maswali yote yafanyike, kesho nasahihisha." Hujamaliza kusoma, mzazi mmoja ameshajibu "Asante mwalimu", wa pili katuma vikono vya kushukuru, wa tatu anauliza kama kesho ni siku ya tisheti za michezo. Wa nne, Mungu amjalie, kapiga picha daftari la mwanawe lenye majibu yote na kuirusha kundini. Ikifika saa mbili, nusu ya darasa ina majibu sahihi. Kesho mwalimu atatia vema mpaka mkono uchoke, na hatajua ni nani anayeweza kugawanya kwa njia ndefu na ni nani anayeweza kunakili.

Mimi ni mkufunzi wa walimu, na wazazi wakishajua hivyo huniuliza maswali mawili: ninunue kishikwambi gani, na niweke programu gani. Ni maswali halali, ila yote mawili yanahusu kitu. Swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza ni hili: mtoto anapojifunza kwa simu, mimi mzazi nikae wapi? Wengi wameshalijibu kimya kimya. Wanakaa sebuleni na taarifa ya habari, mtoto yuko chumbani na simu, na kila mmoja ana amani kwa kuwa nyumba imetulia.

Somo kubwa kuhusu jambo hili tulilipata wakati wa korona. Tanzania ilifunga shule katikati ya Machi 2020. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni na wengine tarehe 29 Juni. Kenya iliwarudisha watahiniwa na darasa la nne Oktoba mwaka huo, wengine wakangoja mpaka Januari 2021. Uganda ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko zote: haikufungua madarasa yote kwa pamoja mpaka tarehe 10 Januari 2022. Katika miezi hiyo kila nchi ilijaribu ilichoweza. Redio zilisoma masomo, televisheni zikaweka ubao studioni, Uganda ikachapa masomo kwenye karatasi na kuyagawa kwa wanafunzi. Lakini jaribio lililoniondolea mawazo yangu mengi lilifanyika Botswana, na halikutumia intaneti hata kidogo.

Watafiti Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng, wakishirikiana na shirika la huko liitwalo Young 1ove, walizifuatilia kaya zipatazo 4,500 zenye watoto wa darasa la tatu hadi la tano. Kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza halikupata kitu. La pili lilipokea ujumbe mfupi wa maandishi kila wiki, wenye maswali machache ya hesabu. La tatu lilipokea ujumbe uleule, kisha likapigiwa simu mara moja kwa wiki kwa dakika 15 hadi 20. Mpigaji alimwomba mzazi amwite mtoto na kuweka simu kwenye spika, wote wawili wasikie. Kisha akauliza: ule ujumbe mliupata? Swali la kwanza umelifanyaje?

Waliopata ujumbe peke yake hawakuonyesha mabadiliko ya kutajika. Waliopigiwa simu walipanda katika hesabu, na kupanda huko kulipimwa na kuonekana wazi. Baadaye mpango huo ulirudiwa Kenya, Uganda, India, Nepal na Ufilipino, na simu ziliendelea kuushinda ujumbe. Vyombo vyenyewe vingeweza kuwa vitochi, vile vya kubonyeza, ambavyo hata picha ya ubao havifungui.

Nilipousoma utafiti huo nilirudia ukurasa wa matokeo, kwa sababu maswali ya makundi yote mawili yalikuwa ni yaleyale. Tofauti ilikuwa moja tu: katika kundi la tatu kulikuwa na mtu anayesubiri jibu. Na kuna jingine ambalo watafiti waliliona, ambalo kwangu ni tamu zaidi: wazazi waliosikiliza simu zile walianza kujua kwa usahihi watoto wao wamefika wapi. Mzazi aliyedhani mwanawe anajua kuzidisha aligundua kwamba bado anahangaika na kutoa. Ukishajua hilo, hata ukisaidia unajua pa kusaidia.

Sasa, nani ampigie simu mwanao kila wiki? Hakuna haja. Wewe uko nyumbani, na spika ni mdomo wako.

Kabla sijaeleza hilo linavyofanyika, niseme kwa nini linafanya kazi, maana bila sababu wazazi huliona kama porojo za wakufunzi. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya kusoma, kimoja kuhusu jua na kingine kuhusu fisimaji wa baharini. Kundi moja lilisoma kifungu, kisha likakisoma tena. Jingine lilisoma mara moja, kisha likafunika kifungu na kuandika kila walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka takriban asilimia 42, na waliojikumbusha wenyewe asilimia 56.

Tazama hapo mtego ulipo. Kutazama video ya somo mara mbili kunampa mtoto hisia tamu kwamba ameelewa. Mwalimu wa kwenye video anaeleza vizuri, rangi zinapendeza, kila hatua inafuata nyingine bila kukwama. Ukimuuliza mtoto papo hapo "umeelewa?" atasema ndiyo, na hadanganyi. Lakini alichokielewa ni maelezo ya mwalimu. Kuyatoa kichwani mwake mwenyewe, bila picha mbele yake, ni kazi nyingine kabisa, na mtihani unapima hiyo ya pili.

Yamenikuta nyumbani kwangu. Tulinunua programu moja ya mazoezi ya hesabu, ya kulipia kila mwezi, na mwanangu akawa anaingia kila jioni bila kusukumwa. Baada ya wiki tatu alikuwa na nyota zaidi ya 40 na mnyama wa kuchora mwenye taji. Nilijivuna kazini. Jioni moja nilipita nyuma yake nikiwa na kikombe cha chai, nikamwona anabonyeza A, kikawaka chekundu, akabonyeza B, chekundu, akabonyeza C, kijani, nyota ikaruka. Hakusoma swali. Nikamwambia aweke simu chini, nikamuuliza saba mara nane ni ngapi. Akaitazama simu kama mtu anayemtafuta wakili wake.

Programu haikuwa na kosa. Ilimuuliza, naye akajibu. Ila ilikuwa haijali jibu limetoka wapi, na mtoto hugundua upesi nani anajali na nani hajali.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia hapa, na ukinibana nitakuambia unaishia hapahapa: mtoto akimaliza kipande cha somo kwenye simu, simu ilazwe kifudifudi mezani, daftari lifunikwe, kisha akueleze. Dakika kumi zinatosha. Usimuulize "umeelewa?" kwani swali hilo lina jibu moja tu duniani. Mwambie: "Mwanangu, hebu nieleze, nami nielewe." Akikwama, mwache akwame kidogo. Kimya cha sekunde kumi kinawatisha wazazi wengi, wakaingilia kati na jibu, na hapo ndipo wanapolizima lile jambo lililokuwa linaanza kuwaka. Akishindwa kabisa, afungue daftari, atazame, afunge tena, aendelee.

Mzazi wa kawaida hupinga kwa kusema: mimi mwenyewe niliishia la saba, nitamsahihisha vipi? Jibu langu ni mama yangu. Hakukaa darasani sana, na ndiye mtahini bora niliyewahi kumwona, kwa sababu akiuliza, anauliza kweli. Mjukuu wake alimweleza siku moja kwamba theluthi ni kubwa kuliko robo.

"Mjukuu wangu, usinichezee. Nne si ndiyo kubwa kuliko tatu?"

"Ndiyo, bibi, lakini hizi ni sehemu."

"Sehemu za nini?"

Mtoto akakosa la kusema. Darasani alikuwa amekariri kwamba namba ya chini ikiwa kubwa sehemu inakuwa ndogo, na hakuna aliyewahi kumuuliza sehemu ya nini. Akaenda jikoni, akarudi na chapati.

"Bibi, hii tukigawana watatu, na hii nyingine tukigawana wanne. Wewe ungekaa na kina nani?"

"Ala! Ningekaa na hao watatu."

"Basi ndiyo hiyo theluthi."

Mwalimu mwenye shahada asingeweza kumfanyia mtoto yule kile ambacho bibi alimfanyia kwa kutojua kwake. Tena bibi alipata chapati.

Kwa watoto wa sekondari nchini Tanzania kuna ugumu zaidi: shule ya msingi ya serikali husomwa kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa kwa Kiingereza. Video nyingi za sayansi zilizoko mtandaoni nazo ni za Kiingereza, tena chenye lafudhi ya mbali. Mzazi anajiona amefungiwa mlango. Mwambie mtoto akueleze kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kama ndicho mnachoongea nyumbani. Si tafsiri ya neno kwa neno, maelezo. Kama anajua mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ataweza kusema kwa lugha yoyote anayoimudu, hata kama neno usanisinuru hajawahi kulisikia. Akiweza, ayaandike tena kwa Kiingereza cha shule. Akishindwa kwa lugha zote mbili, mmejua kwamba tatizo si Kiingereza, na huo ni ugunduzi wa maana kuliko alama yoyote.

Nihamie kwenye simu yenyewe, maana huko ndiko ugomvi uliko. Katika nyumba nyingi simu janja ni moja, ni ya baba au ya mama, inaondoka asubuhi na kurudi saa tatu usiku ikiwa na chaji asilimia 11. Somo la mtandaoni kwa mtoto huyu ni lile analoweza kulipata katika upenyo huo. Wazazi wanaofanikiwa ni wale walioutangaza upenyo wenyewe: simu ni ya shule kuanzia saa hii hadi saa hii, na katika muda huo baba hapigi soga. Mtoto akijua saa yake ipo haibi simu wazazi wakiwa usingizini. Kama hata huo upenyo haupo, tumieni karatasi. Mzazi anakili maswali kutoka kwenye picha ya mwalimu akiwa kazini, wakati wa chakula cha mchana, na jioni anarudi nayo mfukoni. Si jambo la kuonea aibu.

Bando nalo lina akili yake. Video ndiyo inayolila, na mara nyingi ubora wa picha unajipandisha wenyewe pasipo haja. Ushusheni kwenye mipangilio ya video. Maandishi ya ubao husomeka hata picha isipong'aa. Pakueni video na vitabu mkiwa mahali penye mtandao wa bure au wa bei nafuu, mtoto avitumie nyumbani simu ikiwa haina hata salio. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao ambako vitabu vya kiada husomwa bure, na wazazi wengi niliokutana nao wanaojipanga kununua kishikwambi hawajawahi kuifungua. Kenya, huduma ya Shupavu 291 ya Eneza imewahi kutuma masomo na maswali kwa ujumbe mfupi, nayo iliingia hata kwenye kitochi. Kwa wadogo wenye televisheni kuna Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, ikifundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na vikatuni vya Kiswahili. Kipindi hicho nacho kinahitaji mtu wa kuuliza kikiisha. Wimbo wa kuzidisha unaweza kuimbwa mwaka mzima bila kuzidisha chochote.

Mambo mawili ya usalama, haraka. Simu ya mzazi ina pesa ndani yake, kwa hiyo namba ya siri ya pesa isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, maana huo anaujua. Na kwenye simu nyingi za Android, katika mipangilio ya usalama, kuna njia ya kubandika programu moja kwenye kioo ili mtumiaji asiweze kutoka bila namba ya siri. Ukiibandika programu ya somo, mtoto hawezi kuteleza hadi kwenye meseji zako wala kwenye video za mpira. Zimeni pia ile hali ya video moja kuiita nyingine. Nimeona somo la mfumo wa chakula likiishia, baada ya nusu saa, kwa mtu anayekula pilipili kwa mashindano.

Umri nao unabadilisha mambo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto walio chini ya miaka mitano: aliye chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Kwa hiyo mtoto wa chekechea anayepewa simu "ajifunze herufi" kwa saa tatu hafundishwi, anatulizwa. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Mama aliye peke yake jikoni na watoto watatu anahitaji kutulizwa kwao, ila jambo liitwe kwa jina lake. Kwa wakubwa, macho yapumzishwe: kila dakika 20 mtoto atazame kitu kilicho mbali, kama mita sita, kwa sekunde 20. Mti wa jirani unafaa.

Halafu kuna mgeni mpya, akili unde. Mtoto anapiga picha swali, analituma, na kabla hujapuliza chai jibu limekuja na hatua zote, kwa Kiswahili sanifu kuliko changu. Wapo wazazi waliopiga marufuku na wapo walioshangilia. Mimi naiona kama yule mzazi wa nne wa kundi la WhatsApp, mwenye roho nzuri na majibu tayari, tofauti ni kwamba huyu halali na hachoki. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kwamba hukosea kwa sauti ileile anayopatia, na mtoto asiyejua hana pa kumshika. Nyumbani kwangu tumekubaliana: kwanza ujaribu kwenye daftari mpaka ukwame, kisha uiulize kuhusu pale ulipokwama tu, na mwisho ufunike kila kitu unieleze. Mara nyingine namwambia aiombe imtungie maswali matano, halafu anayajibu kwa mkono. Ikitumika hivyo ni kama kuwa na kaka mkubwa nyumbani. Ikitumika kinyume chake, tumerudi kwenye nyota 40.

Nimeacha makusudi jambo la mwalimu liwe la mwisho, kwa sababu ndilo lililonigharimu kulikubali, mimi ninayewafunza walimu. Mwalimu anayetuma kazi kwa simu hamwoni mtoto akikunja uso. Anachokiona ni picha ya daftari safi. Kila mzazi anaporekebisha kosa kabla ya kupiga picha anamfumba mwalimu jicho, na wengi wetu tunafanya hivyo kwa fahari, tusionekane nyumba ya wazembe.

Juzi kazi ilikuwa ya kugawanya. Mwanangu alipata 612 gawanya kwa 6 ni 12. Picha ya majibu ilikuwa tayari kundini, 102 imeandikwa kwa wino wa bluu, na kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kuikuza. Nikaiacha. Nilipiga picha kazi yake kama ilivyo, na 12 yake, na pale alipofuta mara mbili karatasi ikachubuka, nikamtumia mwalimu pembeni, si kundini: "Shikamoo mwalimu. Amefanya mwenyewe. Swali la tatu ndipo tulipoishia."

Zilipita kama dakika ishirini. Mwalimu akarudisha ujumbe wa sauti, nyuma yake kuku wanasikika na mtoto wake mwenyewe analia. "Marahaba. Mwambie aanze pale kwenye moja. Sita kwenye moja inaingia mara ngapi? Haiingii hata mara moja. Sasa hiyo haiingii, ameiandika wapi?"

Mwanangu alisikiliza, akaomba nirudishe mwanzo. Akasikiliza tena. Kisha akaanza kutafuta kifutio.